Bwana Rebmann na Mlima Mweupe

Sisi tukaao Miembeni, mjini Bukoba, hatuna tena shida ya safari kama waliyokuwa nayo babu zetu. Pikipiki zangoja njia panda tangu alfajiri, na mtu akiitwa kwenye maziko huko Kamachumu aweza kwenda na kurudi kabla ya jua kutua. Mwezi uliopita tuliupanda mlima ule wakati wa mvua, watu wawili juu ya pikipiki moja pamoja na dereva wetu. Matope yakatushinda. Tukashuka, tukaisukuma, tukafika tumelowa, nasi twakiri ya kuwa njiani tulinung'unika sana. Jioni ile, tulipokuwa tukiota moto, mwalimu mmoja mzee akatuuliza kama twazijua habari za Bwana Rebmann na punda. Tulizijua nusu nusu tu. Basi tumezitafuta, na sasa twawaletea.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alilelewa katika kanisa la Kilutheri la nchi ile, akasomea kazi ya misheni huko Basel, Uswisi. Siku zile chama cha Waingereza kiitwacho Church Missionary Society kilikuwa kikitafuta watumishi, nao vijana wengi wa Basel wakaenda kutumika chini yake. Rebmann alikuwa mmoja wao. Akafika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Huko alimkuta Dr Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg kama yeye, ambaye katika mwaka wa 1844 alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga.

Tarehe 25 Agosti 1846 wawili hao waliondoka kwenda kufanya makao Rabai, vilimani nyuma ya Mombasa. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja tu, na kilima kilikuwa kikali; basi wakapokezana yule punda, mmoja akipanda na mwenziwe akijikokota kwa miguu. Hivyo ndivyo kazi ya Injili ilivyoanza Rabai, na huyo ndiye punda aliyetajwa na mzee wetu.

Baada ya kukaa kidogo na kujifunza lugha, Rebmann akaanza kutazama bara. Katika mwezi wa Oktoba 1847 akaenda mpaka Kadiaro, mlima wa Wataita ambao leo huitwa Kasigau. Wafanya biashara wa pwani waliokuwa wakienda Uchaga kununua pembe walimweleza habari za mlima mkubwa kupita yote. Akaenda kwa Liwali wa Mombasa kuomba ruhusa ya kufika Uchaga. Liwali akampa, ila akamwonya asiupande mlima ule, kwa kuwa umejaa pepo wabaya. Waupandao, alisema, miguu yao hukakamaa, na baruti yao haiwaki.

Tarehe 27 Aprili 1848 akaondoka Rabai. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, Mwislamu aliyezijua njia zile vizuri, na wapagazi hawakuzidi tisa. Misafara mingine ya siku zile ilikwenda na watu mia na zaidi wenye bunduki, maana njiani kulikuwa na wanyama wakali, na Wamasai waliogopwa na wote. Wapagazi wa Rebmann walikuwa na silaha zao, lakini yeye mwenyewe alishika mwavuli. Wengine wameliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. Sisi twadhani alijua alitendalo, kwa maana mtu mwenye mwavuli hatishi mtu mlangoni pake.

Wakaikata nyika ya Taru, nchi kavu yenye miiba na maji machache, mpaka wakafika penye milima ya Wataita. Hapo moyo wa Rebmann ukaburudika. Vilele, mabonde, migomba na vijito vilimkumbusha milima iliyo karibu na Basel, akaandika kwa furaha kana kwamba amerudi kwao. Wahaya wengi waliokaa ugenini wataielewa furaha hiyo, kwani atokaye nchi ya milima huichoka upesi nchi ya tambarare.

Hata ilipofika tarehe 11 Mei 1848, yapata saa nne ya asubuhi, msafara ukiukaribia Uchaga, Rebmann akaona juu ya mlima mmoja kitu cheupe mno, kama wingu. Akamwuliza kiongozi ni nini. Yule akajibu kwa neno moja, ya kuwa ni baridi. Neno hilo likamtosha Rebmann, maana mtu aliyezaliwa Ulaya haihitaji kufundishwa theluji. Wakakaa kupumzika chini ya mti. Naye alikuwa na desturi ya kusoma Zaburi kwa mfululizo, na siku ile zamu ilikuwa ya Zaburi ya 111. Alipofika aya ya 6, juu ya Mungu kuwaonyesha watu wake uwezo wa matendo yake na kuwapa urithi wa mataifa, akainua macho akautazama mlima, na neno lile likamshika sana. Wasomaji wetu wataifungua wenyewe.

Si haki kusema kwamba yeye ndiye aliyeuvumbua mlima huo. Wachaga walikuwa wakiishi miguuni pake, wakilima migomba na kuvuta maji ya mifereji kutoka juu. Na habari za theluji walizijua: walimwambia Rebmann ya kuwa mtawala mmoja wa zamani wa Machame alituma watu kwenda kutazama kama kile cheupe ni fedha, na kwamba akarudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibika kwa baridi. Walijua pia ya kuwa kitu kile kikiletwa chini hugeuka maji. Alilolifanya Rebmann ni kuuandikia ulimwengu.

Huko Kilema Mangi Masaki alimpokea vema. Wakachinja mbuzi na kumvika kidoleni kipande cha ngozi yake, alama ya urafiki kwa desturi ya Wachaga. Mwezi wa Juni akarudi Rabai salama. Kabla mwaka haujaisha akaenda tena, safari hii mpaka Machame kwa Mangi Mamkinga, akapokelewa kwa heshima kubwa. Akaanza kuota mambo makubwa zaidi: apite Machame, aendelee mpaka Unyamwezi, hata akafike penye maji makuu ambayo watu wa pwani waliyasimulia.

Basi tarehe 6 Aprili 1849 akaondoka mara ya tatu, na wapagazi 30, wamebeba nguo na shanga za kutosha njia yote. Hapo ndipo aliposhindwa. Mamkinga, aliyemkaribisha vizuri mara ya kwanza, sasa akaona mzigo wa mali. Kila siku akatuma watu kudai kitu, leo hiki kesho kile, mpaka bidhaa zote zilizokuwa za safari ya Unyamwezi zikawa zimekwisha. Rebmann akalia mbele ya wenyeji. Mangi alipouliza sababu, akaambiwa ya kuwa mgeni analilia mali yake. Rebmann akakataa. Akasema halii kwa ajili ya nguo, bali kwa sababu vitu vile vilitolewa na watu wema wa kwao ili Injili ifike kwa Wachaga na nchi za mbele, na sasa njia imefungwa. Akarudi katika mvua za masika, anaugua homa na tumbo, na hakupanda tena kwenda Uchaga maisha yake yote.

Tumefikiri sana juu ya machozi yale. Mtu aweza kumlaumu Rebmann kwamba alikwenda na mali nyingi mno, na kwamba mwavuli wa safari ya kwanza ulimfaa kuliko mizigo 30 ya safari ya tatu. Lakini pale pale Machame, mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walijenga kituo chao cha kwanza katika Uchaga, na kutoka hapo kanisa la Kilutheri likaenea mlimani. Rebmann hakuliona jambo hilo. Alikuwa amekwisha kufa miaka 17.

Huko Ulaya habari za theluji zilichapishwa mwaka 1849. Wengine walishangilia, wengine walicheka. Mtaalamu mmoja wa London, Bwana Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika Mashariki, aliandika ya kuwa theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba mmisionari ameona ndoto zake mwenyewe. Dr Krapf naye aliuona mlima Kenya wenye theluji mwezi wa Desemba 1849, akakataliwa vile vile. Kwa miaka 12 Rebmann alikaa Rabai akijua ya kuwa wakubwa wa elimu wamhesabu mtu wa ndoto. Mwaka 1861 Baron von der Decken, Mjerumani, akaenda na kuiona. Mwaka 1862 akapanda zaidi ya mita 4,000, na usiku theluji ikawaangukia. Hata hapo Cooley hakukubali.

Kuna jambo jingine lituhusulo sisi wa Nyanza. Rebmann na mwenzake Erhardt, waliposhindwa kwenda bara kwa miguu, waliwauliza wafanya biashara wa pwani habari za maji makuu. Kila mmoja alitaja ziwa lake, nao wakadhani yote ni ziwa moja. Wakachora ramani, ikachapishwa Ulaya mwaka 1855 na 1856: bahari moja kubwa katikati ya nchi, mfano wa koa. Ramani ile ilikosea, maana ndani ya koa yule mlikuwamo Nyasa, Tanganyika na Nyanza yetu pamoja. Lakini kosa lile liliwasukuma Waingereza kuwatuma Burton na Speke. Walipitia kwake Rabai mapema mwaka 1857, na mwezi wa Agosti 1858 Speke akasimama ufukweni karibu na Mwanza. Mwaka 1861 akarudi na Grant, wakapita Karagwe kwa Mfalme Rumanika.

Na Rebmann? Alikaa. Krapf aliondoka mwaka 1853, Erhardt mwaka 1855. Mkewe Emma, aliyemwoa Misri mwaka 1851, alikufa mwaka 1866. Mtoto wao alikuwa amekufa mchanga. Vita vya Wamasai viliwahi kumfukuza Rabai, akarudi. Waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Naye akaandika kamusi. Kinyanja alikijua kwa kuketi na Salimini, mtu wa Nyasa aliyekuwa mtumwa Mombasa, neno kwa neno, siku nyingi. Kazi ya namna hiyo haivumi kama mlima wa theluji, lakini mwalimu wa kijijini atafutaye neno lifaalo la kuhubiri ataitambua.

Macho yakaanza kumpotea. Alipoondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29, alikuwa kipofu. Aliyemshika mkono mpaka Ulaya ni kijana wa Rabai, Isaka Nyondo, mwana wa Abe Ngoa, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa pale. Rebmann akakaa Korntal, karibu na rafiki yake Krapf. Akaoa tena, mjane aliyemtunza, akafa tarehe 4 Oktoba 1876. Mwaka ule ule tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili ilipigwa chapa St. Chrischona, karibu na Basel. Mwenyewe hakuweza tena kuisoma kwa macho yake.