Neville Chittick

Hubert Neville Chittick (1924 - 1984) alikuwa mwanaakiolojia kutoka Uingereza aliyechimba magofu ya Kilwa Kisiwani, katika Mkoa wa Lindi, Tanzania. Anakumbukwa hasa kwa kulinganisha maandiko, sarafu na mabaki ya ardhini ili kupanga upya tarehe za mji huo.

Mwaka 1957 alikuwa mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika. Tangu 1961 aliongoza taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilihamia Nairobi. Mwaka 1966 alianzisha jarida la *Azania*.

Kazi Kilwa

Habari za masultani wa Kilwa zimo katika tarikhi yenye sura mbili: moja ya Kiarabu, ambayo nakala yake ilitoka Zanzibar ikahifadhiwa London, na nyingine ya Kireno, iliyochapishwa na João de Barros mwaka 1552. Hazikubaliani kuhusu majina wala miaka ya watawala. Wasomi wengi walizifuata, wakaweka kuja kwa Washirazi katika karne ya 10.

Chittick alianzia ardhini. Alitenganisha tabaka za udongo kwa kutazama vigae vya vyungu vya kienyeji, pamoja na vyombo vilivyoletwa kutoka Ghuba na China ambavyo umri wake ulijulikana. Kisha akatafuta ni tabaka lipi linaloanza kuwa na sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa mwanzilishi. Akahitimisha kwamba Washirazi walianza kutawala mwishoni mwa karne ya 12.

Palipokuwa na mashahidi wengi, kazi ilikuwa nyepesi. Sultani al-Hasan bin Sulaiman anatajwa na tarikhi, yumo katika sarafu, alikutwa na Ibn Battuta mwaka 1331, na jina lake lilionekana katika jiwe lililochongwa huko Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100. Mwanafunzi wa historia akitaka mfano wa ushahidi unaokutana, asiende mbali.

Matokeo ya uchimbaji yalitolewa mwaka 1974 katika juzuu mbili.

Masahihisho ya baadaye

Mwaka 1984, mwaka uleule aliofariki, sarafu za fedha zenye jina la Ali bin al-Hasan zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi za karne ya 11. Kwa hiyo mtawala huyo alirudishwa nyuma karibu karne moja. Wasomi pia walimlaumu Chittick kwa kuwapa wageni nafasi kubwa mno katika kuanzisha miji ya pwani, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, mpangilio wake wa tabaka ndio waliouanzia waliomsahihisha.

Alichimba pia Aksum, Ethiopia, na Manda karibu na Lamu. Kitabu chake kuhusu Manda kilitoka mwaka 1984.