Heinrich Hertz, profesa aliyekunja bati ili mawimbi yafike mbali

Kuna ujanja mmoja ambao wenye droni karibu dunia nzima wanaujua. Droni ikienda mbali na picha ikaanza kukatikakatika, mtu anachukua kopo tupu la bia au karatasi ya aliminiamu ya jikoni, anaipinda kama nusu ya mtungi, kisha anaisimamisha nyuma ya antene za telekomande. Mara nyingi inatosha. Droni iliyokuwa imeanza kuwa kiziwi inasikia tena amri, na batri ni ile ile, telekomande ni ile ile.

Kwa mkaaji wa Buleusa, katika grupema ya Ikobo, teritwari ya Walikale, jambo hili halishangazi sana. Kwenye vilima na msitu wa Walikale, kama kule Masisi, watu wamezoea kuhangaika na rezo: unapanda juu kidogo, unageuza redio, unasogeza waya wa antene karibu na manjanja ya nyumba, na ghafla sauti inakuja. Anayefanya hivyo anarudia, bila kujua, kazi ya profesa mmoja Mjerumani aliyekufa zaidi ya miaka 130 iliyopita akiwa na miaka 36 tu. Jina lake tunalisikia kila mara redio inapotaja namba yake ya masafa: megahertz. Hertz huyo alikuwa mtu.

Heinrich Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 katika mji wa bandari wa Hamburg. Baba yake, Gustav, alikuwa wakili ambaye baadaye alipata cheo kikubwa katika serikali ya mji huo. Ukoo wa baba ulikuwa wa Kiyahudi, lakini uliingia Ukristo wa Kiluteri kabla Heinrich hajazaliwa. Msomaji aweke habari hiyo akilini, kwa sababu itarudi miaka mingi baada ya kifo chake.

Mtoto alikuwa na mikono ya fundi na kichwa cha mwanafunzi. Alikuwa na meza yake ya useremala, akajifunza kukereza mbao na vyuma, na tena akajifunza Kiarabu. Inasimuliwa kwamba fundi aliyemfundisha kukereza, aliposikia kuwa kijana wake amekuwa profesa, alisikitika sana: aliona kazi ya ukerezaji imempoteza mtu mzuri. Mimi naona fundi huyo hakupoteza kitu. Bila mikono ile, hesabu peke yake zisingemfikisha Hertz mahali alipofika.

Mwanzoni alitaka kuwa injinia wa ujenzi. Alipita Frankfurt na Dresden, akatumikia jeshi mwaka mmoja Berlin kwenye kikosi cha reli, kisha akaenda Munich. Huko, mwaka 1877, alimwandikia baba yake barua ya kuomba ruhusa aache uinjinia na kufuata fizikia. Familia nyingi za hapa kwetu zinajua uzito wa barua kama hiyo: mtoto anaacha kazi yenye mshahara wa uhakika na kuchagua masomo ambayo hakuna anayejua yatamlisha vipi. Baba alikubali. Mwaka 1878 Hertz alihamia Berlin kusoma kwa Hermann von Helmholtz, mwalimu mkubwa wa fizikia wa Ujerumani wakati ule, na mwaka 1880 akapata udaktari wake.

Helmholtz alikuwa na swali lililomsumbua. Miaka ya 1860, Mskoti James Clerk Maxwell alikuwa ameandika hesabu zilizoonyesha kwamba umeme na sumaku vinaweza kusafiri pamoja hewani kama mawimbi, kwa kasi ya mwanga. Karatasi ilisema hivyo, lakini hakuna mtu aliyekuwa ameyakamata mawimbi hayo. Maxwell mwenyewe alikufa mwaka 1879 bila kuyaona. Mwaka huo huo Akademia ya Sayansi ya Berlin ilitangaza zawadi kwa atakayeleta ushahidi juu ya jambo hilo, na Helmholtz akamsukuma Hertz ajaribu. Kijana alipiga hesabu, akaona vifaa vilivyokuwepo havitoshi, akakataa. Alifundisha kwanza Kiel, na mwaka 1885 akapata uprofesa katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe.

Karlsruhe ilimpa vitu viwili. Cha kwanza ni Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake, waliyefunga ndoa Julai 1886. Cha pili ni ukumbi mkubwa wa masomo, wenye urefu wa mita 15 hivi, na vifaa vya kutosha vya kutoa cheche za umeme.

Mwisho wa mwaka 1886, akicheza na vifaa hivyo, aligundua kwamba cheche ikiruka kwenye waya mmoja, cheche nyingine ndogo sana inaruka kwenye waya wa pili usioungwa na ule wa kwanza. Kitu kilikuwa kimevuka hewa. Akaacha mengine yote. Alitengeneza kifaa cha kutuma, yaani waya uliokatwa katikati ili cheche iruke kwenye pengo, na kifaa cha kupokea, yaani waya wenye pengo jembamba kuliko unywele. Kisha alikaa gizani akichungulia pengo hilo, saa baada ya saa, akisubiri nukta ya mwanga ambayo jicho lisilozoea lisingeiona. Katika kuchungulia huko aligundua hata kwamba mwanga wa cheche moja unaisaidia nyingine kuruka, jambo ambalo Albert Einstein alilifafanua mwaka 1905.

Mwaka 1888 alisimamisha ukutani bati la zinki la mita 4 kwa mita 2. Mawimbi yakaligonga na kurudi, yakakutana na yale yanayokuja, naye akapita katikati na kifaa chake cha kupokea akipima mahali cheche inapoonekana na mahali inapozimika. Hivyo akapata urefu wa wimbi moja. Maxwell alikuwa na haki.

Lakini mawimbi yake yalikuwa yanatawanyika kila upande na kuchoka baada ya hatua chache. Hapo ndipo mkerezaji wa zamani aliporudi kazini. Hertz alichukua bati la zinki la mita 2 kwa mita 2, unene wa nusu milimita, akalipinda juu ya fremu ya mbao mpaka likawa kama mfereji uliosimama wima: kimo mita 2, mdomo wa mita 1 na sentimita 20. Kifaa cha kutuma alikiweka ndani ya mfereji huo, sentimita 12 na nusu kutoka kwenye bati. Alitengeneza mfereji wa pili kama huo kwa ajili ya kifaa cha kupokea, akaelekeza midomo ya mifereji hiyo miwili ili itazamane.

Kinachotokea hapo ni kile kile kinachotokea kwenye tochi. Balbu peke yake inaangaza pande zote na haifiki mbali. Kikombe kinachong'aa nyuma yake hakiongezi mwanga hata kidogo, ila kinaokota ule uliokuwa unaenda nyuma na pembeni na kuusukuma mbele. Kwa vioo vyake viwili vya bati, Hertz aliona cheche mpaka umbali wa mita 16, na kilichomzuia kwenda zaidi ni kuta. Mtu akipita katikati ya vioo, cheche zinazimika. Mlango wa mbao ukifungwa, zinaendelea. Alimimina lami ngumu, karibu kilo 600, kutengeneza pembetatu kubwa ya kupinda mawimbi kama kioo kinavyopinda mwanga, nayo yakapinda. Tarehe 13 Desemba 1888 habari hizo zilisomwa mbele ya Akademia ya Berlin.

Mwaka 1889 injinia mmoja alimwandikia akiuliza kama sauti ya simu ingeweza kusafirishwa kwa njia hiyo. Hertz alijibu kwamba haiwezekani, na sababu aliyotoa inasaidia kuelewa kopo la bia. Kioo cha mawimbi lazima kilingane na urefu wa wimbi. Mawimbi ya Karlsruhe yalikuwa na urefu wa sentimita 66 hivi, kwa hiyo bati la kimo cha mtu lilitosha. Umeme unaocheza polepole kama sauti ya mtu una mawimbi ya mamia ya kilometa, na kioo chake kingekuwa kikubwa kama bara zima. Hakufikiria kwamba siku moja sauti ingepandishwa juu ya mawimbi mafupi na kubebwa nayo. Telekomande nyingi za droni zinatumia gigahertz 2.4, mawimbi ya sentimita 12 na nusu. Ndiyo maana kioo chake kinaingia kwenye kiganja.

Kioo hicho kina bei yake. Upande kinaoutazama unapata zaidi, nyuma na pembeni panabaki pakavu. Rubani akigeuka vibaya, au droni ikizunguka nyuma yake, mawasiliano yanakatika. Na bati halitoboi kilima: kwenye milima ya Masisi, droni ikishuka upande wa pili hakuna kopo litakaloisaidia. Majani mabichi ya msitu nayo yanakunywa mawimbi hayo mafupi.

Katika teritwari hizi mbili mlio wa droni pia haumfanyi mtu atabasamu kwa kamera. Desemba 2013, kule Goma, Umoja wa Mataifa ulirusha kwa mara ya kwanza katika historia yake droni za upelelezi, zisizo na silaha. Miaka ya karibuni droni zenye silaha zimetumika katika vita vya jimbo letu. Anayeweka bati nyuma ya telekomande anapeleka jicho lake mbali kuliko watu wanavyoweza kumwona, na mama aliye shambani hawezi kujua kama aliyeishika ni mpiga picha wa harusi au ni mtu mwingine.

Hertz hakuishi kuyaona yote haya, na inasemekana wanafunzi walipomuuliza matumizi ya mawimbi yake alisema hayaoni. Mwaka 1889 alihamia chuo kikuu cha Bonn, na mwaka 1890 akapewa medali ya Rumford kule Uingereza. Mwaka 1892 ugonjwa ulimshika puani, masikioni na kwenye taya. Madaktari walimpasua mara kadhaa bila kumponya. Aliendelea kuandika kitabu chake cha mekanika akiwa na maumivu, na kilitoka baada ya yeye kwenda. Alikufa tarehe 1 Januari 1894. Binti yake Johanna alikuwa na miaka 6, na Mathilde hajatimiza 3.

Kiangazi cha mwaka huo kijana wa Italia, Guglielmo Marconi, alisoma makala ya kumkumbuka Hertz, na mwaka 1895 akaanza kutuma alama bila waya. Katika majaribio yake ya Uingereza mwaka 1896 alitumia vioo vya shaba vilivyopindwa kwa mfano wa vile vya Karlsruhe. Kabla ya vita vya 1914, Wabelgiji walikuwa wamekwisha kujenga vituo vya telegrafu bila waya hapa Kongo. Mwaka 1930 wataalamu wa umeme wa mataifa walichagua jina la Hertz kuwa kipimo cha masafa, na mwaka 1960 likathibitishwa duniani kote.

Kati ya miaka hiyo miwili, asili ya ukoo wa baba yake ilirudi. Wanazi waliposhika Ujerumani mwaka 1933, ubatizo wa babu na babake Hertz haukuhesabiwa kitu. Mathilde, aliyekuwa mtafiti wa tabia za wanyama kule Berlin, alipoteza nafasi yake. Katikati ya miaka ya 1930 Elisabeth na mabinti wake wawili waliondoka, wakaenda kuishi Cambridge, Uingereza. Mjane huyo alikufa hukohuko mwaka 1941, akiwa mkimbizi kutoka nchi ambamo mume wake amezikwa, katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg.