Benjamin Lay: Msee wa Futi 4 Aliyekataa Nyama, Sukari na Utumwa

Kama unadhani kukataa nyama ni fasheni ya masonko wa siku hizi, kutana na Benjamin Lay.

Huyu msee alizaliwa Uingereza mwaka wa 1682. Alikuwa na urefu wa futi 4 hivi na kibiongo mgongoni. Alichunga kondoo, akashona glavu, akawa baharia. Mwaka wa 1718, yeye na mkewe Sarah walifungua duka kisiwani Barbados, mahali sukari ilitoka kwa jasho la watumwa Waafrika. Waliona watu wakichapwa na wengine wakifa njaa. Hiyo kitu haikuwahi kumtoka kichwani.

Mwaka wa 1732 walihamia Philadelphia, Marekani, wakati huo koloni la Uingereza. Noma ikawa, Quakers wenzake, hao hao Friends waliokuja kuanzisha misheni Kaimosi mwaka wa 1902, walikuwa wanaomba Mungu na bado wanamiliki watu.

Lay aliamua hatakula wala kuvaa kitu kilichotoka kwa mateso ya mwingine, binadamu au mnyama. Nyama, zii. Sukari ya watumwa, zii. Farasi hakupanda, alitembea tu. Alikula mboga, matunda na asali, akajifumia nguo za kitani, akaishi kwa nyumba kama pango huko Abington.

Mwaka wa 1737 alichapisha kitabu cha kuwachoma wenye watumwa. Aliyekichapa ni Benjamin Franklin, yule jamaa wa noti ya dola 100.

Mwaka uliofuata akaingia mkutano mkubwa wa Quakers kule Burlington, New Jersey, na upanga chini ya koti. Akadunga kitabu alichokuwa amekitoboa ndani na kuficha juisi nyekundu. Wenye watumwa wakarushiwa "damu" live live. Akabebwa juu juu akatupwa nje, na mwaka huo huo wakamtoa kanisani.

Hakunyamaza. Miaka 20 baadaye, 1758, Quakers wa Philadelphia waliamua kuadhibu yeyote kati yao anayenunua au kuuza watu. Habari ilimpata akiwa mgonjwa, lakini ilimpata. Alikufa Februari 1759.

Ilipofika 1776, Quakers hao walipiga marufuku kabisa kumiliki mtumwa. Na mwaka wa 2018, miaka 280 baada ya kumfukuza, Quakers wa Abington waliwawekea Benjamin na Sarah jiwe la kaburi.