Pei Wenzhong: Kijana wa miaka 25 aliyetoa fuvu shimoni kwa mwanga wa mshumaa

Hebu fikiria. Uko na miaka 25, kampasi umemaliza juzi tu, halafu wakubwa wote kazini wanaenda zao na kukuachia kila kitu. Ungehepa? Pei Wenzhong hakuhepa.

Msee huyu alizaliwa 1904 huko Hebei, kaskazini mwa Uchina. 1927 alimaliza digrii ya jiolojia Chuo Kikuu cha Peking, na mwaka uliofuata akapata kazi Zhoukoudian, kilomita kama 50 kutoka Beijing. Hapo kulikuwa na pango limejaa mifupa ya kale. Davidson Black, daktari Mkanada, alikuwa ashatangaza kuwa kuna binadamu wa kale aliishi hapo, lakini ushahidi wake ulikuwa meno tu. Meno! Wasomi wengi walikataa kuingia boksi.

1929 Pei akaachiwa mbogi nzima ya wachimbaji. Desemba ikafika, baridi noma, msimu unafungwa. Jamaa akakaza. Tarehe 2, saa kumi jioni hivi, wako chini kabisa kwenye ufa mwembamba, mshumaa mkono mmoja, nyundo mkono ule mwingine. Hapo fuvu likajitokeza, nusu limekwama kwenye mwamba.

Habari ilipofika Beijing, wengine walidhani kijana anaota. Naye alikuwa na shida kubwa kuliko maneno yao: fuvu lilikuwa limelowa, likiguswa vibaya linavunjika. Akalikausha kwa jiko la moto, akalipaka plasta, akalifunga ndani ya matandiko yake ya kulala na kulibeba mwenyewe hadi mjini. Kwa nje ni mzigo wa blanketi tu. Ndani ni Homo erectus wa miaka laki kadhaa, jamaa wa karibu wa Turkana Boy wetu.

Baadaye alienda Paris, akapata udaktari 1937, akarudi nyumbani. Kisha mambo yakachacha. Mwishoni mwa 1941 mafuvu yalitiwa kwenye makasha ili wanajeshi wa Marekani wayapeleke kwao yakawe salama. Vita vya Japani na Marekani vikalipuka, makasha yakapotea. Mpaka leo, hola. Wajapani walimkamata Pei na kumhoji vikali. Stori za makasha yalikoenda ziko tele, lakini hakuna hata moja iliyothibitishwa, so tuziache.

Zikabaki nakala za plasta pekee.

Sasa cheki hii. 1966, mzee ana miaka 62, yuko tena kwenye lile pango na timu yake. Wakapata vipande vya fuvu. Wakavilinganisha na nakala za vipande vilivyochimbwa 1934, vile ambavyo vyenyewe vilipotea vitani. Vikaingiana. Ni kichwa kimoja, cha mtu mmoja.

Pei alifariki 1982. Majivu yake yamezikwa hapo hapo Zhoukoudian.