Lester Patrick: Kocha wa hoki aliyegeuka kipa fainalini

KOCHA wa New York Rangers, Lester Patrick, alikuwa na umri wa miaka 44 na ameshatundika magongo yake, Rangers ilipokabiliana na Montreal Maroons katika fainali ya hoki ya barafuni, Kombe la Stanley, Aprili 7, 1928.

Katika mechi hiyo ya pili jijini Montreal, kipa Lorne Chabot aliumia jicho, na Rangers haikuwa na kipa wa akiba. Maroons ilikataa wapinzani waazime kipa mwingine.

Patrick, ambaye enzi zake alikuwa beki, aliingia langoni mwenyewe na kufungwa bao moja tu. Frank Boucher alipachika la ushindi, 2-1, katika muda wa ziada.

Rangers ilitwaa kombe hilo. Patrick, mzaliwa wa Kanada, aliaga dunia 1960.