Aliyempisha Mtoto Mgonjwa

Wewe wa Kasulu na Kibondo unalijua sega la asali: kila kitundu kina pembe sita. Chora mistari mitatu kuunganisha pembe zinazotazamana, utahesabu pembetatu sita. Blaise Pascal, Mkatoliki wa Ufaransa aliyezaliwa 1623, alipenda maumbo hayo. Akiwa na miaka 16 aligundua kanuni ya pembesita iliyochorwa ndani ya duara. Usiku wa Novemba 23, 1654, Mungu alimgusa. Mwaka 1662, mtoto wa familia maskini aliyoihifadhi kwake aliugua ndui. Pascal, naye mgonjwa, hakumtoa mtoto, alihama yeye. Akafariki Agosti 19, akiwa na miaka 39. Jumapili hii, wewe unayejua kuhesabu, je, umempisha nani?