Bruce Lee na Ngumi Isiyongoja

Katika miaka ya 1990, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi Makueni, hapakuwa na mwalimu tuliyemsikiliza kwa makini kama yule aliyetufundisha kupitia kioo cha televisheni. Siku ya soko tulitoa shilingi zetu chache, tukasongamana katika banda la video, na tulipotoka jioni kila mmoja wetu alikuwa Bruce Lee. Wenzetu wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, nao hawakuwa tofauti. Njiani tulipanguana mikono kwa madaha, mpaka siku mwenzetu mmoja alipoupeleka ustadi huo kwa kijana mchunga ng'ombe ambaye hakuwahi kutazama sinema hata moja. Konde la kwanza lilipenya katikati ya mikono miwili iliyopangwa vizuri, likatua puani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, mbinu za mikono za kung fu hufua dafu mbele ya ngumi za kweli?

Swali hili si la kitoto. Vijana wetu bado wanaziiga mbinu hizo, siku hizi kupitia simu zao, na wako wanaoamini kwamba zitawaokoa siku ya hatari. Jibu lake naliona katika maisha ya mtu yule yule tuliyekuwa tukimwiga.

Lee Jun Fan, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bruce Lee, alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 mjini San Francisco, Marekani, baba yake akiwa huko katika ziara na kundi la opera ya Kikantoni. Angali mchanga alirudishwa Hong Kong, koloni la Waingereza wakati huo, na huko ndiko alikokulia. Alianza kuigiza katika sinema tangu utotoni. Barabarani, hata hivyo, alijulikana zaidi kwa ugomvi kuliko kwa uigizaji. Alipofikia umri wa miaka kumi na mitatu hivi, alianza kujifunza mtindo wa Wing Chun kwa mwalimu Ip Man.

Mtindo huo hutegemea mikono kuliko miguu. Mpiganaji husimama karibu na mpinzani, hulinda mstari wa katikati ya kifua, hupangua kwa kiganja, kisha hurusha makonde ya moja kwa moja mfululizo. Zoezi lake mashuhuri ni lile la mikono inayonatana: watu wawili hugusanisha mikono, kila mmoja akijifunza kuhisi nguvu ya mwenzake inaelekea wapi. Ni zoezi zuri la wepesi na utulivu. Lakini lina sharti moja lisilotajwa sana, nalo ni kwamba mwenzako akubali kuiacha mikono yake pale unapoweza kuigusa.

Mnamo mwaka 1958, akiwa mwanafunzi wa shule ya St Francis Xavier, Lee aliingia katika mashindano ya ndondi baina ya shule, akamshinda mwanafunzi Mwingereza aliyekuwa bingwa. Mwaka uliofuata alivuka bahari kurudi Marekani. Alifanya kazi mkahawani mjini Seattle, akajiunga na Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1961, na kuanza kufundisha kung fu kwa watu wa kila rangi. Mwaka 1964 alimwoa Linda Emery na kufungua shule mjini Oakland. Mwezi wa Agosti mwaka huo alionyesha mbinu zake mbele ya hadhara ya wanakarate huko Long Beach, na wengi walistaajabia konde lake lililotoka umbali wa inchi moja tu.

Laiti angekomea hapo, angebaki mwalimu mmoja miongoni mwa wengi. Lililombadilisha lilitokea mwishoni mwa mwaka huo huo, alipopambana faraghani na Wong Jack Man, bingwa wa mtindo wa kaskazini mwa China. Masimulizi ya mashahidi hayapatani: upande wa Lee ulisema pambano lilichukua kama dakika tatu na kwamba yeye ndiye aliyeshinda, upande wa pili ulisema lilipita dakika ishirini na halikuwa na mshindi. Hata tukiufuata upande wa Lee mwenyewe, jambo moja li wazi. Mpinzani hakusimama kungoja. Alirudi nyuma, akazunguka, akakimbia, na makonde ya mfululizo yaliyosifiwa sana hayakummaliza upesi. Lee alitoka pale akitweta, mwenye ushindi usiomridhisha.

Hapa ndipo ninapouona ukubwa wa mtu huyu. Wengi wetu tukishinda, hata kwa taabu, hatuichunguzi tena njia tuliyopita. Yeye aliichunguza. Alianza kukimbia na kunyanyua vyuma ili kuongeza pumzi na nguvu. Alizitazama tena na tena filamu za Muhammad Ali, akavisoma vitabu vya mabondia wa zamani, na kuazima hatua za miguu kutoka mchezo wa vitara. Zaidi ya yote, aliwavisha wanafunzi wake glavu na kinga za mwili, akawaambia wapigane kweli. Mwaka 1967 aliuita mtazamo wake Jeet Kune Do, maana yake njia ya ngumi inayomkatiza adui kabla hajafika. Ilikuwa miaka ile ile ambayo bondia wetu Philip Waruinge alijipatia nishani ya shaba katika Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, mbele ya wapinzani ambao hakuna hata mmoja aliyemwachia mkono wake hewani.

Aligundua nini basi? Katika maonyesho, mshirika hurusha konde moja, kisha huuacha mkono umenyooka huku mwalimu akiupangua, akiukamata na kujibu mara tatu. Ngumi ya kweli haifanyi hivyo. Hufika na kurudi kwa kasi ile ile, hufuatwa na ya pili, na mara nyingine ile ya kwanza ilikuwa danganya toto tu. Anayejaribu kuikamata hukamata upepo. Lakini si mbinu zote zilizoanguka mtihani. Kupangua kidogo kwa kiganja karibu na uso hufaa, na mabondia nao hufanya hivyo. Konde fupi la moja kwa moja hufaa. Hata kuinasa mikono hufaa, pale wapiganaji wanapokaribiana na mikono yao kugusana. Lee hakuitupa kung fu. Aliipepeta, punje zikabaki na makapi yakapeperuka.

Kisha ikaja sinema. Kati ya 1971 na 1973 aliigiza filamu zilizompa jina duniani kote, na tarehe 20 Julai 1973 alifariki Hong Kong kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 32. Alizikwa Seattle. Kinaya ni kwamba filamu hizo ndizo zilizotufikia sisi, nazo ni maonyesho: adui hungoja zamu yake apigwe. Tuliiga sinema, hatukuyaiga mazoezi. Mwenzetu wa Makueni alivunjwa moyo na puani akatoka damu kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kumrushia konde ambalo halikupangwa.

Nami mwalimu wa isimu naliona jambo hili darasani kila mwaka. Mwanafunzi hukariri mazungumzo ya kitabuni, swali na jibu, akayatoa bila kosa. Mpeleke Mombasa, muuza samaki amjibu kwa neno lisilokuwemo kitabuni, naye hubaki kinywa wazi. Kukariri si kosa, kama vile zoezi la mikono inayonatana lisivyo kosa. Kosa ni kulichukua zoezi kuwa ndilo pambano, na kumtunuku alama mtu ambaye hajawahi kukutana na asilolitarajia.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, anayetaka kujilinda na afundishwe mbele ya mwenzake asiyemwonea huruma, akiwa na glavu, kinga na msimamizi, na aambiwe bila kufichwa kwamba mara nyingi miguu ya kukimbilia ni bora kuliko mikono ya kupangulia. Na katika masomo yetu pia tuwarushie wanafunzi swali lisilongoja. Afadhali waligundue pengo lao mikononi mwetu kuliko mikononi mwa ulimwengu.